Divai ya Siku Yoyote



Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, tena la anasa: ile divai yenye mapovu ambayo hapa kwetu twaiita kwa jina moja tu, shampeni. Mama mmoja, mwanajumuiya hodari, alitusimamisha nje ya kanisa baada ya Misa akatuuliza: "Baba Paroko, hivi ni vibaya kufungua shampeni nyumbani siku ya Jumanne, bila harusi wala Kipaimara, mimi na mzee wangu tu?" Aliuliza huku akicheka, lakini tuliona kwamba swali lilikuwa la kweli, na kwamba nyuma yake palikuwa na swali jingine: je, mkristo anaruhusiwa kufurahi pasipo sababu inayoonekana? Jibu fupi tulimpa palepale. Jibu refu ndilo hili.

Sote tumeshuhudia jinsi shampeni inavyofunguliwa katika kumbi zetu. Mshereheshaji huwaita mbele maharusi, au mtoto wa Kipaimara na msimamizi wake. Muziki hupandishwa, chupa hutikiswa, watu huhesabu kwa sauti moja, kizibo hurukia dari, na nusu ya kilichomo huishia sakafuni. Pengine kilichomo ni maji ya matunda yaliyotiwa gesi, wala hakuna anayejali, kwa maana katika saa ile chupa imekuwa fataki. Desturi hii ya kumwagiana ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Ilipata umaarufu mwaka 1967, katika mashindano ya magari ya Le Mans nchini Ufaransa, pale dereva Mmarekani Dan Gurney alipoitikisa chupa ya ushindi na kuwarushia waliosimama karibu naye. Toka hapo dunia ikajifunza kwamba kinywaji hiki ni cha washindi, na kwamba kinafaa zaidi kurushwa kuliko kunywewa.

Hatusemi haya ili kuwakemea wenye sherehe. Waamini wetu hufanya kazi kwa jasho, na siku ya kufurahi wanastahili kufurahi. Twataka tu kuuliza ni kwa nini tumekiweka kinywaji hiki mbali sana na meza zetu, kana kwamba kimefungiwa katika siku tatu au nne za maisha ya mtu.

Sehemu ya jibu imo katika historia. Divai halisi ya Champagne hutoka katika eneo moja la kaskazini mashariki mwa Ufaransa, na katika eneo hilohilo limo jiji la Reims, ambako wafalme wengi wa Ufaransa walipakwa mafuta na kuvikwa taji. Ndiyo maana tangu zamani divai ya kule ilihusishwa na meza za wakubwa. Tena ni ghali kuitengeneza. Divai hutiwa ndani ya chupa pamoja na sukari na chachu kidogo, chupa hufungwa, na chachu ile hufanya kazi kwa mara ya pili gizani. Hewa inayozaliwa humo haina pa kutokea, hivyo hujificha ndani ya divai yenyewe, ikingoja siku ya kufunguliwa. Msukumo wake hufikia mara 5 au 6 ya ule wa hewa tunayovuta, yaani zaidi ya mara mbili ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo. Kwa sheria ya kule, chupa haiwezi kuuzwa kabla ya kupita miezi 15.

Mapadre tunapenda kusimulia kwamba aliyevumbua haya yote alikuwa mtawa mwenzetu, Dom Pierre Pérignon wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, mtunza ghala wa abasia ya Hautvillers tangu mwaka 1668 hadi alipofariki mwaka 1715. Ukweli ni mtamu zaidi ya hadithi. Mtawa yule alikuwa bingwa wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, lakini mapovu aliyahesabu kuwa kasoro, akajitahidi kuyazuia. Katika nyakati zile chupa zilikuwa dhaifu. Moja ikipasuka ghalani iliweza kuzipasua na jirani zake. Kile walichokiona watu wa enzi hizo kuwa kosa la divai, vizazi vilivyofuata vimekipokea kama zawadi. Mwenyezi Mungu ana mzaha wake mtakatifu.

Lakini Champagne si mahali pekee. Tulipokuwa masomoni Roma, tulitumwa wakati wa likizo ya kiangazi, kama ilivyo kawaida ya mapadre wanafunzi, kusaidia katika parokia ya vijijini mkoani Veneto, kaskazini mwa Italia, katika vilima vilivyo kati ya Conegliano na Valdobbiadene. Ndiko inakotoka divai ya mapovu iitwayo prosecco, ambayo siku hizi huuzwa zaidi ya chupa milioni 600 kwa mwaka duniani kote. Vilima vile ni mwinuko mkali. Mashine nyingi haziwezi kupanda, na kazi kubwa hufanywa kwa mikono. Mwaka 2019 UNESCO iliviingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo ni nchi ya neema, ila wazee wa kule hawajasahau kwamba mwishoni mwa karne ya 19 umaskini uliwafukuza maelfu kwa maelfu ya watu wa Veneto, wakavuka bahari hadi Brazili kutafuta riziki. Waliobaki na mizabibu yao walikuwa wakulima wadogo, watu wa ugali. Ndiyo, ugali: wao wauita polenta, nao huupika kwa unga wa mahindi ya manjano.

Prosecco nyingi ya siku hizi hutengenezwa katika matangi makubwa ya chuma, kwa njia aliyoibuni Mwitalia Federico Martinotti mwaka 1895 na kuboreshwa na Mfaransa Eugène Charmat mwaka 1907. Chachu hufanya kazi yake ya pili ndani ya tangi badala ya chupa mojamoja, na kwa sababu hiyo bei hushuka. Hata hivyo, katika nyumba za wakulima tulikutana na divai nyingine, ya zamani zaidi, waiitayo col fondo, maana yake "yenye mashapo". Baridi ya majira ya kipupwe huifanya chachu ilale kabla haijamaliza sukari yote ya zabibu. Mkulima huitia divai ile katika chupa majira ya kuchipua, karibu na Pasaka. Joto linaporudi, chachu iliyodhaniwa kuwa imekufa huamka, na divai iliyolala huanza kupumua. Mashapo hubaki chini ya chupa, na kinywaji huwa na ukungu kama maji ya dafu. Hatukuhitaji mtu atufafanulie fumbo la Pasaka lililomo humo.

Jioni ya siku za kazi, baada ya Misa iliyohudhuriwa na wazee kumi au kumi na wawili, mzee aliyehudumu sakristia, naye mkulima wa mizabibu, alitukaribisha kwake. Chupa yake haikuwa na kizibo cha kurukia dari. Ilikuwa na kifuniko cha bati, kama cha soda, akakifungua kwa kifungulio kilichofungwa kamba mguuni pa meza. Aliimimina polepole katika glasi fupi za jikoni, zile ambazo asubuhi zilikuwa za maji. Mezani palikuwa na polenta, jibini, maharage na soseji. Mke wake alitengeneza ishara ya msalaba, akala. Mjukuu alikuwa akifanya hesabu za shule pembeni. Hapakuwa na hotuba. Kila mtu mzima alikunywa glasi moja. Mzee akaongeza nusu, akaifunika chupa, mazungumzo yakaendelea juu ya mvua ya mawe na bei ya zabibu.

Tulimuuliza ni sikukuu gani. Alitutazama kwa mshangao, akasema kwamba ilikuwa Jumanne. Kisha, kama mtu anayemfundisha mgeni jambo ambalo watoto wote hulijua, akaeleza kuwa divai isiyo na mapovu ni nzito kwa mtu aliyetoka shambani na jua, ila hii humwamsha, humsafisha kinywa baada ya mafuta ya soseji, wala haimlazi. Hapo tulielewa kwamba nyumbani kwake divai ya mapovu haina cheo. Ni mwenzi wa chakula, kama ndimu kwa samaki.

Ndugu zangu, kutoka meza ile turudi nyumbani kwetu. Katika parokia mojawapo tuliyowahi kuhudumu palikuwa na wanandoa walioadhimisha Jubilei ya fedha ya ndoa yao. Miongoni mwa zawadi walipewa chupa nzuri ya divai ya mapovu. Waliiweka katika kabati la vioo sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, nayo ikawa pambo. Walikubaliana waifungue siku mtoto wa kwanza atakapohitimu. Mtoto akahitimu, lakini ada ya mdogo wake ilikuwa haijalipwa, wakaona haifai. Wakasema basi, siku nyumba itakapoezekwa. Nyumba ikaezekwa; wakasema, siku mzee atakapopata kiinua mgongo. Mzee alifariki miezi michache kabla ya kustaafu. Baada ya arobaini watoto waliifungua chupa ile mbele ya mama yao, kwa heshima. Kizibo kilitoka kimya. Divai ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na haikuwa na povu hata moja.

Wenye ujuzi watatuambia sababu: divai nyingi za namna hii hutengenezwa zinywewe zikiwa bado changa, na joto la sebule huzichosha upesi, na hewa yake huponyoka taratibu kupitia kizibo. Lakini mama yule hakuhitaji maelezo hayo. Alisema neno moja tu, nasi hatujalisahau: "Baba, jioni zilikuwepo nyingi."

Hapa ndipo swali la Jumanne linapokuwa zito. Mara ngapi sisi waamini huiahirisha shukrani? Tunamwambia Mungu: nitakushukuru nikipata kazi, nikimaliza nyumba, mtoto akifaulu. Tunawaambia wake zetu na waume zetu: tutaketi tuzungumze mambo yakitulia. Mambo hayatulii. Siku kubwa huja na wageni mia tatu, kamati, michango na uchovu, kiasi kwamba wenye sherehe wenyewe hawapati hata nafasi ya kutazamana. Siku ndogo hupita bila kuaga, na ndizo nyingi.

Mtu atasema: "Baba, hata Bwana wetu alifanya divai harusini, si Jumanne." Ni kweli, na Injili ya harusi ya Kana, ambayo Kanisa hutusomea Dominika ya 2 ya Mwaka C, tuitafakari vizuri. Mitungi sita ya mawe, kila mmoja wa lita zipatazo 80 hadi 120: jumla yake hufika kati ya lita 480 na 720. Huo ni ukarimu usiopimwa kwa hitaji. Lakini Injili yenyewe hutuambia pia kwamba wapinzani wake walimsema Bwana kuwa ni mlaji na mnywaji. Uvumi huo haukutokana na harusi moja. Ulitokana na jioni nyingi za kawaida, katika nyumba za watoza ushuru na wavuvi, mezani. Na alipotaka kutuachia ukumbusho wa milele aliteua mkate na divai, vitu vilivyokuwa mezani kwa watu wa nchi yake siku zote, ili kusiwe na meza ambayo haiwezi kumkumbuka.

Wala sisi Waafrika tusione kwamba jambo hili ni la kigeni. Mbege ya Kilimanjaro, itokanayo na ndizi na kimea cha ulezi, nayo huchemka povu. Na huko Dodoma mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kanisa, ikastawi katika misheni ya Bihawana na vijiji vya jirani. Leo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Veneto angelisikia kwa wivu mtakatifu. Zabibu ni jirani yetu.

Pamoja na hayo, tungekuwa wachungaji wabaya kama tungeishia hapa. Sisi tunaoketi ofisini kusikiliza ndoa zenye majeraha tunajua pombe imefanya nini katika nyumba za waamini wetu: mishahara iliyoishia kilabuni, watoto waliojifunza kutambua hatua za baba kwa sauti ya mlango. Tena mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilieleza wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Hatuwezi kuyafumbia macho maneno hayo kwa sababu tu kinywaji kina mapovu mazuri.

Basi tutofautishe maneno mawili ambayo lugha yetu inatupatia: kila siku na siku yoyote. Anayekunywa kila siku huenda amekwisha kuwa mtumwa wa mazoea. Hachagui tena, huchaguliwa. Anayeweza kufurahia siku yoyote, hata ikapita miezi asinywe na asione pengo, ni mtu huru. Yule mzee wa Veneto alituambia kwamba Kwaresima yote hakugusa chupa, na hakulisema hilo kama sifa. Uhuru ule wa kuacha ndio uliofanya glasi yake ya Jumanne iwe shukrani.

Mapokeo ya Kanisa yanatuongoza hapo hapo. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliwaruhusu watawa kipimo kidogo cha divai kwa siku, kwa unyenyekevu wa baba aliyejua udhaifu wa wanawe, huku akiwaahidi thawabu wale waliojaliwa nguvu ya kujizuia kabisa. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kuwa ulevi wa makusudi ni dhambi ya mauti, lakini hakuihesabu divai yenyewe kuwa haramu. Katekisimu, namba 2290, hutuonya dhidi ya kila aina ya kupita kiasi, na huwahesabia hatia kubwa wanaohatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi. Na katika vitabu vya kale vya baraka mna sala ya kubariki divai siku ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, tarehe 27 Desemba. Kanisa halibariki kitu linachokichukia.

Kwa hiyo, kwa mama aliyetuuliza, na kwa wote wenye swali kama lake, twatoa mausia haya machache.

Kwanza, fungueni mkiwa wawili au zaidi, na chakula kiwe mezani. Kinywaji hiki kiliumbwa kwa ajili ya mazungumzo. Anayekifungua peke yake ili asahau kitu ameanza njia nyingine, na huyo tunamsihi aje tuzungumze.

Pili, kiasi kijulikane kabla ya kufungua. Chupa ya kawaida hutoa glasi sita. Wageni wakiwapo, inatosha. Mkiwa wawili, waiteni majirani wa jumuiya.

Tatu, asiyekunywa aheshimiwe kabisa. Wapo miongoni mwetu ndugu walioshinda vita vikali dhidi ya ulevi. Glasi moja ya utani yaweza kuwarudisha shimoni. Hata altareni Kanisa huwajali: padre mwenye shida hiyo aweza kupewa ruhusa na Askofu wake kutumia maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesitishwa. Kama altare takatifu ina huruma hiyo, meza zetu zisiikose. Juisi ya ukwaju iwe karibu, bila maswali.

Nne, asikope mtu ili anywe mapovu. Kama fedha haipo, chai ya maziwa iliyonywewa kwa kutazamana usoni yatosha kuwa Kana. Kinachotafutwa ni jioni iliyofunguliwa.

Tano, shukuruni kwa maneno. Semeni kwa sauti kile mnachokishukuru, hata kama ni kidogo: kwamba homa ya mtoto imeshuka, kwamba mvua imenyesha, kwamba mmeishi pamoja siku nyingine.

Wapendwa, mapovu yale huzaliwa gizani, chini ya msukumo mkubwa, katika muda ambao hakuna anayetazama. Nayo yakishafunguliwa hayangoji. Ndivyo zilivyo neema nyingi za Mungu katika nyumba zetu. Wiki hii itakuwa na Jumanne yake. Mume amtazame mke, mke amtazame mume, mtoto amtazame mzazi aliyezeeka, na waulizane kama kuna kitu wanachokihifadhi kwa ajili ya siku ambayo hawana hakika nayo.

Bwana, uliyewapa wakulima zabibu na kuwapa wazee wetu subira ya kuonja kwa kiasi, utujalie furaha isiyo na ulevi, na shukrani isiyongoja. Uwalinde wote wanaopambana na pombe, uwafariji wajane na wagane, na uketi nasi mezani jioni hii. Amina.

Tunawatakia juma jema na lenye amani. Mungu awabariki.

Baba Paroko wenu.